Jeneza Lisilo na Msumari

Nyie vijana mnaokuja kwenye banda langu hapa Kashaulili, Mpanda, kuazima patasi, mkairudisha butu, mna swali moja ambalo hamchoki kuniuliza. Mnakitazama kile kiboksi cha mninga kilichofungwa kwenye mwimo wa mlango, mkono wa kulia ukiwa unaingia, mnainamisha shingo, halafu mnasema, "Mzee Leonsi, hiki kimekaa upande. Tukunyooshee?" Mmoja wenu alishashika bisibisi kabla sijamjibu. Nilimfukuza, na wala sijutii.

Sasa nimestaafu. Nikisukuma randa bega linalia. Nimeona niwaandikie jibu lote kwa mkupuo mmoja, mlisome, mniache nipumzike. Nawaambia mapema kuwa si jibu tamu. Limenikaa kooni tangu miaka ya tisini, na kila nikilimeza linarudi.

Tuanze na misumari, maana nyie mnaipenda misumari kuliko mnavyoipenda kazi. Kiti mnakianza asubuhi, jioni kimeshapakwa vanishi, masika yakiingia kinayumba. Sisi tulifundishwa na Mzee Kisimba, Mfipa aliyejifunza useremala kwa mabruda wa misheni, na kwake msumari ulikuwa matusi. Ukimwonyesha kazi iliyopigwa misumari alikuwa hasemi kitu, anaigeuza tu, anaigonga kwa kidole, anakurudishia. Kila kiungo tulikifunga kwa ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu lake, na kupitia hapo tunashindilia kijiti cha mti mgumu uliokauka. Alikuwa anasema, "Mti unapumua, mwanangu. Mvua ikija unavimba, kiangazi unasinyaa. Chuma hakijui hayo. Ukivifunga pamoja, siku moja mmoja atampasua mwenzake."

Nilimwelewa baada ya mlango wangu wa kwanza. Niliutengeneza wakati wa kiangazi kwa mwalimu mmoja wa Kakese, ukakaa kwenye fremu barabara, hata jani halipiti. Nikajisifu. Mvua zilipoanza mlango ukavimba, na Jumapili moja mwalimu na mkewe wakakwama ndani wakiwa wameshavaa za kwendea kanisani. Mwalimu alitokea dirishani na suti yake. Mke akakataa kutokea dirishani, akaimba nyimbo za misa akiwa sebuleni. Mzee Kisimba alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipeleka kule kuupunguza mlango kwa randa mchana kweupe, waumini wakitoka kanisani na kunitazama. Sikuwahi tena kubana mlango kiangazi. Acheni nafasi ya upana wa ukucha, msije mkasema sikuwaambia.

Huyo ndiye aliyenilea. Nataka mjue kwamba nilimpenda, kwa sababu bila hilo mengine yote hayatakuwa na maana.

Miaka hiyo ya tisini ulikuja Mpanda mradi wa visima. Gari zao zilikuwa zinashinda vijijini, Kakese na Kasekese, zinatoboa ardhi. Mtaalamu wao wa kutafuta maji alikuwa mzungu mwembamba, ndevu za mvi, viatu vimepasuka, jina lake Danieli. Kiswahili alikuwa amekijua vizuri kwa kukaa vijijini. Siku ya kwanza alikuja karakana kuagiza shubaka la vitabu. Mzee Kisimba akamkaribisha kwa heshima akidhani ni mtu wa misheni.

"Shikamoo, mzee," akasema Danieli.

"Marahaba. Wewe ni padre au bruda?"

"Si padre, mzee. Mimi ni Myahudi."

Mzee Kisimba aliweka randa chini. Jamani, sisi Wayahudi tulikuwa tunawajua kwenye somo la kwanza na somo la pili kanisani. Hatukutegemea mmoja atuingilie karakana akiuliza bei ya shubaka. Mzee akamuuliza taratibu, kama unavyomuuliza mgeni ukoo wake, "Wa kabila la nani? La Yuda au la Benyamini?"

"Sijui, mzee. Sisi hesabu hiyo ilitupotea."

Mzee akamsikitikia, mtu mzima asiyejua ukoo wake. Akamwambia kanisa liko wapi na misa ni saa ngapi. Danieli akajikuna ndevu. "Asante, mzee, lakini mimi simwamini Mungu."

Mzee Kisimba akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akasema, "Myahudi asiyemwamini Mungu! Sasa sisi huku mlituletea nini?"

Danieli alicheka, sisi tukacheka, na tangu siku hiyo akawa mtu wa karakana. Akitoka porini na vumbi lake alikuwa anakaa kwenye benchi la pembeni, anatutazama tukifanya kazi, anaongea.

Shubaka lilipokamilika aliniagiza kitu kingine: kiboksi cha mbao, urefu kama kidole cha kati, chenye uwazi ndani na kifuniko nyuma. Nikakichonga kwa kipande cha mninga, nikakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa chenyewe bila vanishi. Akakichukua, akaenda kukifunga mwenyewe kwenye mlango wa nyumba yake ya mradi.

Siku chache baadaye nikaenda kule kurekebisha shubaka, yeye akiwa Kasekese. Naingia mlangoni naona kiboksi changu kimefungwa kimeinama upande. Niliona aibu. Watu watasema fundi Leonsi hajui hata kunyoosha kitu cha kidole kimoja. Nikachomoa skrubu, nikachukua pima maji, nikakisimamisha wima, safi kabisa, nikaondoka nikiwa nimeridhika.

Jioni aliporudi alikuja karakana na sura ambayo sijawahi kuiona. "Nani amegusa kiboksi changu?"

"Mimi, bwana. Kilikuwa kimepinda, nimekunyooshea."

Hasira ikamtoka kidogo kidogo, akakaa kwenye benchi. Ndipo akanieleza. Kwa watu wake kiboksi hicho huwekwa mlangoni kwa amri ya zamani. Wasomi wao wawili wa kale walibishana: mmoja akasema kisimame, mwingine akasema kilale. Hawakukubaliana. Basi watu wengi wakakiweka katikati, kimeinama upande, ili asiwepo aliyeshindwa.

"Kwa hiyo umekaa na ugomvi mlangoni," nikamwambia.

"Ndiyo. Kila ninapoingia ndani."

"Na ndani yake mnaweka nini?"

"Maandiko. Yanaandikwa kwa mkono kwenye kipande cha ngozi."

"Umeyaweka?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siyaamini, Leonsi. Nitawekaje kitu nisichokiamini?"

"Sasa kiboksi kitupu cha nini?"

Mzee Kisimba aliacha kupiga randa ili asikie jibu. Danieli akasema, "Nilijaribu kuishi kwenye nyumba isiyo nacho. Nilishindwa."

Nikamwambia huo ni ukaidi. Akasema naam, huo ameurithi kwa babu zake, nao ndio mali pekee waliyofanikiwa kuvuka nayo mipaka. Kesho yake nikaenda mwenyewe na bisibisi, nikakirudisha upande, na nawaambieni, kwa mkono wa fundi kukipindisha kitu kwa makusudi ni kazi ngumu.

Baba yake Danieli alikuwa mwalimu wa falsafa kwenye chuo kikuu huko kwao. Mambo aliyotusimulia pale benchini yalitoka kwake. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nawapa kama nilivyoyashika. Alisema kwao zamani hakuna aliyeulizwa anaamini nini. Waliulizwa wamefanya nini: umepumzika siku ya saba? Umemlisha mgeni? Umemzika jirani? Halafu serikali za Ulaya zikawaambia, haya, kuanzia sasa nyie ni raia kama wengine, dini yenu iwekeni nyumbani, hadharani muwe watu tu. Ndipo ugomvi ulipoanza. Wako waliosema akili inatosha, yale mengine ni mizigo ya wazee, tuyatue. Wako waliosema ukichomoa tofali moja nyumba nzima inakuja chini. Na katikati wako waliosema, kama baba yake, shika unachoweza kushika, na yale yaliyobaki usiseme "sifanyi", sema "bado". Kuna na waliofundisha kwamba Mungu usimtafute juu. Hapo Danieli alionyesha kwa kidole nafasi iliyokuwa kati yangu na yeye, juu ya benchi lililojaa maranda. "Wanasema yuko hapa, mtu anapoongea na mwenzake bila kumtafutia faida."

"Na wewe unasemaje?" akauliza Mzee Kisimba.

"Mimi nasema hapa naona maranda." Kisha akaacha utani. "Ndugu wa bibi yangu waliuawa wote kwenye ile vita kubwa. Mwenye imani na asiye na imani, muuaji hakuwatenganisha. Baada ya hapo baba yangu aliacha kusali. Lakini siku ya mfungo alikuwa anafunga. Nikamuuliza, unamfungia nani? Akaniambia, sijui, ila nikila siku hiyo nitakuwa nimewaacha peke yao."

Nikamwambia sisi kwetu tunaanza na Nasadiki, ile sala ya kukiri imani. Ukikwama pale, huendi mbele.

"Na siku ukiamka umeshindwa kusadiki?"

"Naenda kazini."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Leonsi, wewe ungekuwa mwanafunzi mzuri wa baba yangu."

Kuna siku tulikwenda naye msituni kuchagua mti wa mninga, mimi, Mzee Kisimba na wapasua mbao wawili Wabende. Wote tumebatizwa. Kabla msumeno haujagusa shina, Mzee Kisimba alitoa mfukoni unga kidogo, akaumwaga kwenye mizizi, akanong'ona. Ndivyo walivyofanya wenyeji kwa mzimu wa Katabi tangu enzi, na yeye Mfipa, mgeni kwenye msitu ule, aliwaiga. Danieli alimsubiri amalize, ndipo akauliza.

"Mzee, unaamini kuna mtu anakula huo unga?"

"Ah! Mimi ni mkristo, bwana."

"Sasa unamwaga wa nini?"

Mzee alikasirika kidogo. "Msitu una wenyewe. Utakata mti wa watu hivi hivi, kama mwizi?"

Danieli akaniinamia sikioni. "Nimempata ndugu yangu wa kabila la Benyamini," akasema. Mzee alipoambiwa alitamba nayo wiki nzima. Shikeni hapo, kwa sababu mtaihitaji mbele.

Lile jambo lenyewe lilianza kwa jeneza la mtu mwingine. Tulikuwa tunatengeneza la mama mmoja wa sokoni, na wenye msiba walitaka lile la haraka, la misumari, na msalaba wa bati juu. Mzee Kisimba alikuwa ananuna lakini anafanya. Danieli kwenye benchi lake akasema kwao babu yake alizikwa kwenye sanduku la mbao za bei rahisi, halina rangi, halina chuma hata kidogo. Tajiri na maskini walizikwa hivyo hivyo, ili mbao na mtu virudi udongoni kwa pamoja. Chini wanatoboa matundu udongo uingie upesi. Na sanda nyeupe isiyo na mfuko.

"Vijiti tu?" akauliza Mzee Kisimba, macho yamemtoka.

"Vijiti tu, mzee."

"Hao ni mafundi!" akasema Mzee. "Leonsi, unasikia? Hao ndio mafundi."

Danieli akanigeukia. Alikuwa anatabasamu, lakini alinishika mkono na hakuuachia. "Nikifia huku, Leonsi, usikubali wanipigilie msumari."

Nikamtania. "Wewe si huamini? Ukishakufa msumari utakuuma?"

"Hautaniuma. Lakini nikizikwa kwa misumari nitakuwa kama mtu asiyetoka kwa yeyote."

Nikamwambia, nimekubali. Mzee Kisimba alikuwepo. Alisikia kila neno. Nawaandikia hivyo kwa sababu baadaye alifanya kama hakusikia.

Alifariki wakati wa masika, kwa malaria iliyompanda kichwani. Njia za kutoka Mpanda zilikuwa matope matupu na ndege ilishindwa kutua. Ofisi yao ya Dar ikaleta ujumbe kwa redio kwamba azikwe huku huku, ndugu zake wataarifiwa. Msimamizi akawa Meneja wa mradi, na hapa naomba tuelewane: Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msomi, Mtanzania mwenzetu, alikuwa rafiki wa Danieli wa kunywa naye bia, na siku ile macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mtu yeyote.

Nilikwenda kumweleza. Vijiti, matundu, sanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa.

"Fundi, huyu bwana ameniambia mara mia kwamba dini ni kamba ya kufungia watu. Ameniambia akifa, amekufa, tumzike popote. Mimi ndio nitamrudisha kwenye mambo ya babu zake leo akiwa hawezi kujitetea? Hapana. Hakutakuwa na msalaba, hakutakuwa na sala, na hakutakuwa na hizo mila. Mradi ni wa serikali, serikali haina dini. Atazikwa kistaarabu, kama mtu."

"Mimi aliniambia hivyo, bwana meneja. Alinishika mkono."

"Unasema alikuwa mwongo kwangu?"

"Wewe alikwambia kweli. Na mimi aliniambia kweli."

"Kweli ni moja, fundi."

Leo ningempeleka mlangoni kwa Danieli nikamwonyesha kiboksi, kitupu na kimekaa upande, nikamwambia kweli ya huyu mtu ndiyo hii. Lakini maneno mazuri huja wakati watu wameshatawanyika.

Aliyenisaidia, mtashangaa, alikuwa padre wa parokia yetu. Alikuja bila kanzu, akamwambia Meneja kwa upole, "Mimi sina haki ya kumwekea msalaba na sitaki. Lakini kama mtu hakusali, hiyo si ruhusa ya sisi kumtenga na wazee wake. Mpeni sanduku alilolitaka." Meneja akasema, haya, tengeneza sanduku lako, ila liwe imara, maana wakubwa wa wilaya watakuja. Nilimshika padre mikono yote miwili.

Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa jirani yetu, alishona sanda. Nilipomwambia isiwe na mfuko aliniangalia kama nimepungukiwa. "Sanda ina mfuko wapi, Leonsi? Hata kwetu ni hivyo hivyo." Mimi nilipasua mbao nyepesi, zile za makreti, nikachonga ndimi na matundu, nikachonga vijiti vya mti mgumu, nikatoboa sakafu kwa keekee. Haikuwa rahisi, mbao zilikuwa na unyevu wa masika. Mzee Kisimba alikuja akatazama, akagonga kona kwa kidole, akasema, "Kazi nzuri." Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, hiyo sifa aliitoa kwa kuhesabu. Nikajiona nimefika.

Tulimlaza Danieli kwenye uwanja wa ofisi ya mradi, chini ya turubai, watu wamejaa. Wanawake wa Kakese walikuja kwa miguu na ndoo zao tupu kichwani, kumuaga mtu aliyewatolea maji. Nikaweka kifuniko, nikaanza kushindilia vijiti. Kijiti kimoja kikalia, ule mlio wa mti wenye unyevu unaposuguana na mwenzake. Meneja akasogea, akashika kifuniko, akakitikisa.

"Kinacheza."

"Kitakaza, bwana. Kijiti kikinywa unyevu kinavimba, hakitoki tena."

"Kitavimba lini, kikiwa shimoni? Tunabeba sasa hivi, njia ni utelezi. Likifunguka mbele ya hawa watu itakuwa aibu gani? Na haya matundu, jeneza linavuja!" Sauti ilimpanda, nikaona ni msiba unaoongea ndani yake. "Piga misumari."

"Siwezi. Nilimkubalia."

"Piga misumari, fundi!"

Niliweka nyundo chini. Padre akataka kusema neno, Meneja akamgeukia Mzee Kisimba. "Mzee, wewe ndiye mwenye karakana. Milango ya nyumba za pampu zote tumewapa nyie. Mnataka kazi na mradi huu au hamtaki?"

Nilimtazama mwalimu wangu. Nilikuwa na uhakika naye kuliko nilivyokuwa na uhakika na mikono yangu. Mzee Kisimba hakunitazama. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kifurushi cha gazeti, akakifungua. Misumari. Mipya, ya kutosha jeneza zima.

Vijana, hiyo ndiyo iliyonikata. Mtu anaweza kulazimishwa na maneno ya mkubwa, akababaika, akakosea. Lakini misumari alikuja nayo kutoka nyumbani. Alinisifia kazi huku misumari ameshaifunga kwenye gazeti.

Aliokota nyundo yangu. Alipiga vizuri, alikuwa fundi, hakupindisha hata mmoja. Mbao nyepesi zile zilipasuka pembeni kila msumari ulipozama, kama alivyonifundisha kwamba zitapasuka. Nilisimama pale nikisikiliza, na nilitaka kulia, nikashindwa kwa hasira.

Makaburini hakukuwa na sala. Meneja alisoma habari za visima, akakatika katikati, akashindwa kumaliza. Padre alisimama na mikono nyuma. Mimi maneno ya kwao sikuyajua, na ya kwangu hayakuwa yake, kwa hiyo nilitupa udongo nikiwa kimya.

Jioni nilimkuta Mzee Kisimba anafagia maranda. Akaniambia kabla sijafungua mdomo, "Maiti hasikii msumari, mwanangu. Tunaokula ni sisi. Na yeye mwenyewe alikuwa haamini."

"Na wewe unaamini Katabi anakula unga?"

Alisimama na fagio mkononi. "Hilo ni jambo lingine."

"Lingine kwa vipi, mzee?"

Akaendelea kufagia. Nikachukua msumeno wangu na patasi zangu nikaondoka. Ndivyo banda hili lilivyoanza, msije mkasikia hadithi nyingine.

Nyumba ya Danieli alipewa mtaalamu mwingine, ikapakwa rangi. Fundi wa rangi alikichomoa kiboksi akakiweka dirishani. Nilipokiomba alikifungua, akachungulia, akanipa. "Chukua, mzee, hakina kitu." Nikaja nacho hapa, nikakifunga kama kilivyokuwa.

Mzee Kisimba nilikutana naye njiani mara nyingi. Shikamoo nilimpa, kwa sababu ni mzee wangu. Zaidi ya hiyo hatukuongea. Kazi za mradi alizipata, na mradi ulipofungwa zikaisha, na watu wakaanza kununua samani za kuletwa. Alipougua sana alimtuma mwanawe aniite. Nikaenda. Alikuwa amekonda, mikono tu ndiyo iliyobaki mikubwa.

"Leonsi, langu ulifunge kwa vijiti."

Nilikuwa na majibu mengi, niliyatayarisha kwa miaka. Ningeweza kumwambia maiti hasikii msumari. Yalifika mpaka kwenye meno.

"Nimekubali, mzee," nikasema.

Alipofariki wanawe walitaka lile la haraka. Niliwafukuza kwenye banda, wakanisubiri nje. Nilichagua mninga uliokauka vizuri, nikachonga kila ulimi, kila tundu na kila kijiti kwa mkono, na kila kijiti nilikipiga nikiwa namkasirikia. Hakuna kona niliyoiharakisha. Nilipomaliza niligonga pembe kwa kidole kama alivyokuwa anafanya, na lilikuwa jeneza bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Halikuingia msumari.

Juzi mmoja wenu aliniuliza, baada ya kunisikia nikisimulia hili kwa kifupi, kama kazi ile ililainisha moyo wangu, kama hatimaye nilimsamehe. Nyie mmezoea mahubiri ya redioni, mnataka kila jambo liishe kwa kukumbatiana. Sikumsamehe. Nilitafuta msamaha ndani yangu nikiwa nashindilia kijiti cha mwisho, sikuukuta, nikakishindilia hivyo hivyo mpaka kikazama. Kiboksi kile mlangoni muendelee kukiacha upande.